Nilisema Inakaa

Siku ile ya kuniaga, ninyi vijana wa maabara mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kutengeneza meno. Nadhani mlitegemea nieleze namna nilivyopanda vyeo. Hayo yamo kwenye faili, na naamini panya wameisoma faili hiyo kuliko mtu yeyote. Mimi nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya watu wawili waliokalia kiti chetu. Mmoja nilimwambia ukweli pale pale. Mwingine nilimficha kwa zaidi ya miaka mitano.

Kwa atakayesoma bila kunijua, mimi ni Zablon, fundi wa meno bandia. Sing'oi jino wala sichomi mtu sindano. Daktari huniletea alama ya kinywa cha mtu, aliyoichukua kwa dawa laini inayoganda, nami humrudishia meno. Mgonjwa akifurahi humshukuru daktari, na akiumia huniulizia mimi. Nimezoea.

Siku ya kwanza niliripoti hospitalini na cheti kipya na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama peke yake. Nikaelekezwa kwenye chumba kilicho nyuma ya kliniki ya meno, karibu na mahali pa kufulia mashuka. Humo nilimkuta mzee mfupi, Elam, miwani yake imefungwa kwa waya ule ule tunaoutumia kushikia meno. Alilitazama koti langu, kisha akanisogezea bakuli na unga wa plasta.

"Changanya," akasema.

Nikachanganya. Akaimwaga kwenye alama ya kinywa, akangoja ikauke, kisha akaivunja vipande viwili mbele yangu. Ndani ilikuwa na matundu kama andazi.

"Kila tundu hapa ni kidonda kwenye ufizi wa mtu," akasema. "Changanya tena."

Nilichanganya plasta kwa wiki sita kabla ya kuruhusiwa kushika jino. Nilijifunza kwamba unga ndio hutiwa ndani ya maji, si maji kwenye unga. Kwamba bakuli hugongwa mezani taratibu ili hewa ipande juu. Na kwamba ukiharakisha plasta, nayo hukuharakishia aibu. Mzee Elam alikuwa na kisu cha nta alichokichonga mwenyewe kutoka kwa spoku ya baiskeli. Serikali ilituletea vingine vizuri vyenye mipini ya rangi. Hakuvigusa. Akimaliza kazi alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya meno yale, nje na ndani. "Jicho linapenda kukubaliana na mwenyewe," alikuwa akisema. "Kidole hakina urafiki."

Tulipata watu wa kila aina. Alikuja bwana mmoja na meno ya marehemu kaka yake, yamefungwa kwenye leso safi, akitaka tuyapunguze kidogo yamtoshe. Alishangaa tulipomwambia haiwezekani. "Lakini tulikuwa tunafanana sana," akasema. Mzee Elam hakucheka. Alimkalisha, akamsikiliza habari za kaka yake, kisha akamtengenezea yake.

Kusikiliza ndiko kulikomchelewesha zaidi. Kabla ya kuchagua meno ya mtu alikwenda kuketi naye kwenye benchi la kungojea, akamwuliza habari za mahindi na mvua, huku akitazama mdomo. Nilidhani anakwepa kazi. Siku moja nikamwuliza.

"Mtu hula mara tatu kwa siku, akijaliwa," akanijibu. "Kuongea anaongea kutwa. Sasa wewe unamtengenezea meno ya nini?"

Mzee Elam alistaafu, na baada ya miaka michache tukamzika. Nikabaki na chumba kile na mabakuli yake.

Sasa nije kwenye vipandikizi. Ninyi mmevikuta, kwa hiyo hamwezi kujua vilivyotushangaza. Sisi tuliishi na meno ya kuvua na kuvaa. Ya juu yana nafuu, maana hunyonya kaakaa yakashika. Ya chini huelea tu juu ya ufizi, na ulimi unayasukuma kama mtu asiyetaka mgeni. Tena mtu akikaa miaka mingi bila meno, mfupa wa taya hupungua ukabaki mwembamba, na hapo hata fundi awe malaika, meno hayatulii. Nimeona watu wazima wakiyavua na kuyatia mfukoni ili waweze kula. Yaani meno wanayavaa kwa ajili ya kupiga picha.

Nilipooneshwa kipandikizi kwa mara ya kwanza, kwenye mafunzo Nairobi, nilidhani ni kifaa cha redio. Ni skrubu ndogo ya titani. Daktari huipanda ndani ya mfupa wa taya, ufizi unafungwa, na kwa miezi kadhaa mfupa unaikumbatia mpaka inakuwa kama mzizi. Vinne au sita vikishika vizuri, vinaweza kubeba safu nzima ya meno. Fundi anatengeneza fremu ya chuma inayokaa juu ya vipandikizi hivyo vyote kwa pamoja, anaijengea ufizi na meno, na daktari anaifunga kwa skrubu nyembamba. Mgonjwa hayavui. Anayaosha yakiwa kinywani, kama meno aliyozaliwa nayo.

Neno kubwa katika maelezo hayo ni "kukaa." Fremu inapaswa kukaa juu ya vipandikizi vyote bila kusukumwa, bila kuvutwa. Mfupa si ufizi; ufizi husamehe. Ukikaza skrubu ili kuilazimisha fremu iliyopinda, itafungika, na kwa macho utaiona imekaa. Lakini kila siku, mtu akila na akilala, chuma kile kitakuwa kinavuta.

Aliyenifundisha sehemu kubwa ya mambo haya ni Daktari Lydia, aliyefungua kliniki yake upande wa Lurambi na kuniomba niwe fundi wake, nami nikaacha hospitali nikahamia kwake. Alikuwa na umri wa kuwa binti yangu. Aliniita Mzee tulipokuwa tukinywa chai, na Fundi tulipokuwa kazini.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa safu nzima alikuwa Mzee Ainea, kutoka Butali. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye boila za kiwanda cha sukari, kisha akarudi shambani kwake kulima miwa. Meno yote ya chini yalikuwa yamekwisha. Daktari alimpandia vipandikizi vinne, vikashika vizuri, nami nikatengeneza fremu.

Siku ya kuijaribu niliitwa chumbani. Mzee Ainea alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mikono imeshikana tumboni. Kabla ya hapo alikuwa ametueleza kwamba Jumamosi wangekuja wakwe watarajiwa wa binti yake Jane, na kwamba tangu apoteze meno hajawahi kula mbele ya wageni. Daktari alikaza skrubu moja tu, ya mwisho upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Ukikaza ya upande mmoja, upande wa pili ndio husema ukweli. Niliinama na tochi. Kushoto, kati ya fremu na kipandikizi cha nyuma, niliona mstari mweusi mwembamba kama unywele.

Daktari alikuwa bado anajifunza kuniamini, nami nilitaka aendelee kuniamini. Kule nyuma Mama Jane, mkewe Ainea, aliketi na mkoba mapajani, akitabasamu tayari.

"Fundi, inakaa?" Daktari akauliza.

"Inakaa," nikasema. "Ukikaza zote, itajifunga yenyewe."

Akakaza. Ule mstari ukapotea. Nikamaliza meno, na Ijumaa yakafungwa kinywani. Mzee Ainea alipoketi wima aligusa shavu lake la kushoto.

"Inavutanga kidogo upande huu," akasema.

"Utazoea, mzee," nikamjibu.

Jumamosi alikula na wakwe zake. Alitupigia simu siku hiyo hiyo kutuambia, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka. Nikajiambia kwamba unywele ni unywele tu.

Mwaka mmoja na miezi kidogo baadaye skrubu ya kushoto ilikatika. Tuliweka nyingine, nayo ikalegea. Kisha kipandikizi chenyewe kikaanza kucheza, na siku Daktari alipokishika, kilitoka kama msumari kwenye ubao uliooza. Alilazimika kuvua safu nzima. Najua mfupa unaweza kukiacha kipandikizi kwa sababu nyingi, na hakuna atakayeapa ni ipi. Lakini sababu ile moja mimi nilikuwa nimeiona kwa tochi.

"Mzee, ulikuwa unatafuna nini na upande huu?" Daktari alimwuliza kwa upole.

Mzee Ainea akatazama chini. "Mifupa ya kuku, Daktari. Mara moja moja tu."

"Si nilikuambia!" Mama Jane akasema kutoka mlangoni. "Kila siku nakuambia, acha mifupa!"

"Mnisamehe," Ainea akasema. Alinitazama na mimi pia. "Nimewaharibia kazi yenu nzuri."

Nilikuwa nimesimama pale, fremu yake iko mkononi mwangu. Nikasema, "Si neno, mzee." Hayo ndiyo niliyosema. Daktari alimwambia arudi mfupa ukipona ili tuone la kufanya. Hakurudi.

Miaka minne ikapita. Tuliendelea na wagonjwa wengine, na kazi zangu zikawa nzuri, hilo nalisema bila aibu. Nilikuwa nikimsumbua Daktari aunganishe vishikio vyote vya kupimia, vile vinavyofungwa juu ya vipandikizi, ndani ya kinywa kabla ya kuchukua alama, ili visicheze hata kidogo. Nilikuwa nikipima sanamu ya taya, ile ya plasta, mara tatu. Ninyi mlianza kuniita Mzee Hakikisha. Hamkujua ile hakikisha ilitoka wapi, nami sikuwaambia.

Ndipo akaja Mama Felista. Alikuwa mkalimani wa mahakama hapa mjini. Shahidi akizungumza Lwisukha au Lutirichi, lugha zetu za huku, yeye humweleza hakimu kwa Kiswahili, na humrudishia shahidi maneno ya hakimu kwa lugha yake. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kungoja umalize sentensi. Meno yake ya juu yalikuwa ya kuvua, na mfupa ulikuwa umepungua mpaka hayashiki tena.

"Nilikuwa namtafsiria shahidi kwenye kesi ya wizi," alituambia siku ya kwanza. "Nikafika kwenye neno 'mshtakiwa,' meno yakaanguka mpaka kwenye daftari. Watu wakacheka. Mshtakiwa ndiye aliyecheka zaidi."

"Na hakimu?" Daktari akauliza.

"Hakimu hakucheka. Aliniambia, 'Chukua muda wako, Mama.' Hilo ndilo lililoniumiza."

Tangu siku hiyo alikuwa akiongea mdomo umefungwa nusu, na mara kwa mara aliombwa arudie. Wakubwa wake walikuwa wameshamdokezea kwamba huenda wakamhamishia masijala, akapange mafaili. Hakuogopa mafaili. Alichohofia ni kwamba hapakuwa na mkalimani mwingine wa kutegemewa, na kwamba mtu anaweza kupoteza shamba kwa sababu neno lake limefika kwa hakimu nusu.

Daktari alimpandia vipandikizi sita. Vikangojewa, vikashika. Tukachukua alama kwa taratibu zetu zote, nami nikatengeneza fremu ambayo hata Mzee Elam angeipitishia kidole akanyamaza. Tuliijaribu siku ya Jumanne. Alhamisi ya wiki hiyo Mama Felista alikuwa na kesi ya bibi kizee mjane aliyedai shamba lake limechukuliwa na shemeji. Bibi yule hakujua Kiswahili hata kidogo.

Daktari akakaza skrubu moja, ya nyuma kulia. Nikainama na tochi. Kushoto, kwenye kipandikizi cha tano, niliuona tena ule mstari.

Mpaka leo sijui kwa hakika ulitoka wapi. Nadhani kishikio kimoja kilicheza tulipokuwa tunatoa alama kinywani, na hakuna aliyeona. Hilo nataka mlijue: unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado isikae.

"Haikai," nikasema.

Daktari akachungulia. "Ni kidogo sana, Fundi. Zikikazwa zote haitajifunga?"

Mama Felista aliinua mkono, akangoja Daktari afungue skrubu na kuitoa fremu, akaketi. "Nifungieni tu," akasema. "Alhamisi nina yule bibi. Ikinivuta nitavumilia. Nimevumilia makubwa."

Ningeweza kusema tu kwamba sheria ya kazi hairuhusu, na wangenikubalia. Lakini nilijua Daktari angeuliza kwa nini nimekuwa mkali hivyo kwa unywele mmoja, na nilikuwa nimechoka kuwa na jibu la kuficha.

"Ya Mzee Ainea pia ilikuwa kidogo," nikasema.

Daktari akaniangalia. "Ainea wa Butali?"

"Niliuona mstari kama huu. Uliniuliza kama inakaa, nikakuambia inakaa. Ilikuwa haikai. Haikuwa mifupa ya kuku."

Alivua glavu polepole, moja baada ya nyingine. Kwenye barabara ya nje mtu alikuwa anatangaza dawa ya kunguni kwa kipaza sauti, na sote watatu tulimsikiliza kama tuliokuja kwa ajili hiyo.

"Mzee wa watu aliniomba msamaha," Daktari akasema mwishowe. "Ndani ya chumba hiki. Nami nikamsamehe."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Nilikuwa nimesimama hapa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikwenda dirishani, akarudi. Mama Felista ndiye aliyesema kwanza, kwa ile sauti yake ya mdomo uliofungwa nusu.

"Nimewatafsiria watu wengi wakikiri," akasema. "Wengi huanza na sababu. Wewe hukuanza na sababu." Kisha akamgeukia Daktari. "Aikate hiyo fremu. Alhamisi nitajua nitakavyofanya."

Tuliikata siku hiyo hiyo. Nilipitisha kisahani cha kukatia katikati ya chuma nilichokitengeneza kwa wiki mbili, na vumbi lake likanijaa kwenye nyusi. Vipande viwili tukavifunga kinywani kila kimoja mahali pake, vikakaa vyote bila kuvutana, Daktari akaviunganisha kwa resini, gundi inayoganda haraka, humo humo kinywani. Kisha vikaenda Nairobi vikachomelewe kwa leza, maana sisi hatuna mashine hiyo. Daktari hakuzungumza nami zaidi ya yaliyohitajika. Aliniita Fundi hata wakati wa chai.

Alhamisi Mama Felista alienda mahakamani na meno yake ya zamani. Alitusimulia baadaye. Alimwomba hakimu ruhusa ya kuketi karibu naye badala ya kusimama mbali, na ya kutafsiri sentensi moja moja. Aliyabana meno kwa ulimi, akaachilia neno moja, akayabana tena. Ushahidi ambao ungechukua saa moja ulimaliza asubuhi yote. Wakili wa upande wa pili alilalamika kuhusu muda. Bibi kizee alisema yote aliyokuja kusema, na yote yakaandikwa.

"Taya lilinivimba," alituambia. "Lakini hakuna neno lililobaki mdomoni mwangu."

Fremu iliporudi, Daktari alikaza skrubu moja. Niliangalia kushoto, akaniambia niangalie tena, nikaangalia tena. Kisha akachukua tochi akaangalia mwenyewe kwa muda mrefu. Palikuwa pamefungika kabisa. Hakuniuliza kama inakaa.

Ikabaki kazi ya maneno, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Safu nzima ya juu ikiwa ya kufungwa, hewa inaweza kupenya kati ya ufizi na meno, na herufi ya s ikatoka na mluzi. Nilimpa meno ya majaribio, ya nta kwanza. Nilimkalisha kwenye kiti changu cha maabara, si kile cha daktari, nikamwomba anisimulie habari za nyumbani kwao. "Shahidi" ilitoka kama "sahidi." "Visu" ilipiga filimbi mpaka paka wa jirani akaja mlangoni. Niliongeza nta nyuma ya meno mawili ya mbele, akasema tena. Nikapunguza. Nikashusha ncha za meno kidogo ili f na v zipate pa kugonga kwenye mdomo wa chini. Tulirudia siku tatu.

"Na r yangu ikitoka l usihangaike, fundi," akasema. "Hiyo nilizaliwa nayo. Hata hakimu anayo."

Siku ya kufungwa meno kamili Daktari alimwomba aseme kitu kirefu. Mama Felista akaketi wima, akainua mkono wa kulia bila kufikiri, akasema kiapo cha shahidi, kile ambacho amewasemesha watu maisha yake yote ya kazi: kwamba atakayosema ni kweli, kweli tupu. Kila herufi ilikaa mahali pake. Alipomaliza alifunika uso kwa mikono, na Daktari akamshika. Mimi nilirudi maabara nikaosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Jioni hiyo Daktari alinifuata. "Namba ya Mzee Ainea haipatikani," akasema. "Nimejaribu tangu ile Jumanne. Utaenda wewe au niende mimi?"

"Nitaenda mimi."

"Mwambie vipandikizi vitatu vilivyobaki nataka kuviona. Kama ni vizima, nitamtengenezea, na hatalipa chochote. Mwambie na mimi ninakuja kumwomba radhi. Lakini wewe utangulie."

Ile ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Mliniaga Ijumaa, mkanipa saa ya ukutani na mkaimba. Jumanne iliyofuata nilikwenda Butali.

Mama Jane alikuwa anageuza mahindi juu ya turubai uani. Alinitambua kabla sijafika langoni. "Mulembe, fundi wa meno! Umepotea namna hii?" Akaniingiza ndani. Mzee Ainea alikuwa amekonda. Taya lake la chini lilikuwa limeingia ndani na kidevu kimepanda karibu na pua. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo nililokuwa sijajiandaa nalo.

Sikutaka kula kabla ya kusema, lakini chakula kilikuwa mezani tayari, obusuma, ndio ugali, na kuku wa mchuzi, na kukataa kungekuwa kumdharau mama wa nyumba. Nilimwona akichukua paja la kuku, akalichambua kwa vidole hadi likawa nyuzi nyembamba, akaziweka kwenye mchuzi wa mumewe, akaziponda na kijiko. Alifanya bila kutazama, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Nikaweka tonge chini.

Nikawaambia yote. Mstari, tochi, neno nililolisema, na siku ile nilipokuwa nimesimama na fremu mkononi. Sikutaja kwamba nilitaka daktari aniamini, maana hiyo ingekuwa sababu.

Mama Jane ndiye aliyeanza, na alizungumza na mumewe, si nami.

"Miaka minne nimekugombeza," akamwambia. "Hata mbele ya watoto. Hata mbele ya mchungaji."

"Ni kweli ulinigombeza," akasema.

"Mbona hukunikatalia?"

"Ningekukatalia vipi? Mifupa nilikuwa nakulanga kweli." Akanigeukia. "Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile, mzee."

"Kabla hawajafunga?"

"Kabla."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Sikwenda harusi ya Jane," akasema. "Nilimwambia naumwa mgongo. Nilisema nitakula vipi pale mbele ya watu, na meno nimeyaharibu mwenyewe kwa ulafi."

Mama Jane alinyanyuka, akaenda kusimama mlangoni akitazama mahindi yake. Nilimweleza Ainea ujumbe wa Daktari: vipandikizi vitatu, na meno ambayo yanaweza kubonyezwa juu yake yakashika, ingawa yeye mwenyewe atayavua kuyaosha. Hayatakuwa kama yale ya kwanza. Nilimwambia kwamba kliniki ina mafundi vijana hodari kuliko nilivyokuwa mimi, na kwamba atakuwa mikononi salama.

"Hapana," akasema. "Utatengeneza wewe."

"Nimestaafu, mzee. Tangu Ijumaa."

"Sikukuuliza umestaafu lini." Alivuta bakuli lake karibu. "Hao vijana hawajui palipoharibika. Wewe unapajua. Sasa kula, chakula kinapoa."

Tukala. Yeye alikula polepole sana, nami nilimngoja mpaka akamaliza.

Alikuja Lurambi juzi Jumatatu, yeye na Mama Jane. Daktari alimwomba radhi mlango ukiwa umefungwa, kisha akapiga picha za mfupa, vipandikizi vyote vitatu vikaonekana vizima, akachukua alama ya taya. Basi ndiyo sababu Jumanne asubuhi mlinikuta kwenye benchi langu la zamani nikichanganya plasta, mkanicheka kwamba mzee ameshindwa kukaa nyumbani hata wiki mbili. Sikuwajibu siku ile. Nilikuwa nahesabu sekunde za kuchanganya, na nilitaka kwanza niyaandike haya vizuri, ili mnapokuja kuniuliza ni meno ya nani, muwe mmeshajua.